Udongo Mwekundu na Haki ya Mnyonge: Neno Juu ya Barabara Zetu za Ufipa



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kwamba kijarida cha Haki na Amani safari hii kinazungumzia udongo. Mmezoea kusoma humu habari za wajane wanaonyang'anywa mashamba, za rushwa na za haki ya raia kumchagua kiongozi wake. Udongo wa barabara, mtasema, ni kazi ya wahandisi. Padre na abaki na altare yake. Tunawaomba mtuvumilie. Tumekwisha kuona kwa macho yetu kwamba udongo uliochaguliwa vibaya huweza kumdhulumu maskini sawasawa na hakimu aliyekula rushwa, tena humdhulumu pasipo mtu yeyote kushtakiwa.

Kosa letu wenyewe

Haki huanzia nyumbani, basi nasi tuanze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, parokia tuliyokuwa tukiitumikia hapa uwandani Ufipa iliamua kutengeneza kipande cha njia iendayo kwenye kigango kimoja. Waamini walichanga fedha, mahindi na maharage. Halmashauri ya Walei ilikaa mara tatu. Tukakodi lori, tukasomba udongo mwekundu uliokuwa karibu, kando ya bonde, kwa sababu mahali pa karibu maana yake ni mafuta machache. Udongo ule ulipendeza machoni: mwekundu kama tofali lililoiva, laini, usio na jiwe hata moja. Tuliutandaza mwezi Septemba, tukaulainisha kwa majembe, magari machache yakapita juu yake, ukakauka na kung'aa. Tukamshukuru Mungu, tukaimba.

Novemba mvua zikaanza. Kufikia Noeli njia yetu mpya ilikuwa ikiteleza kuliko ile ya zamani tuliyoifunika. Mwezi Januari gari lililombeba mama mmoja mwenye uchungu wa kujifungua lilizama hapo hadi kwenye ekseli. Vijana walimbeba mama kwa machela usiku ule mpaka barabara kuu. Mama alipona, mtoto hakupona.

Hatusemi kwamba udongo peke yake ulimwua yule mtoto. Mengine mengi yalichelewa usiku ule. Lakini tulipokwenda kumzika, mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya barabara ujanani mwake alituvuta kando, akatuuliza kwa upole: "Baba Padre, ule udongo mliupima?" Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa ametuuliza swali hilo mapema, wala sisi hatukumwuliza mtu. Tulikuwa tumetumia sadaka ya maskini kununua tope.

Tangu siku ile tumejitahidi kujifunza. Tumesoma tulivyoweza na kuwauliza wenye ujuzi. Yafuatayo ni yale tuliyoyaelewa, nasi tunayaandika kwa ajili ya viongozi walei, makatekista na wanajumuiya ambao kesho au keshokutwa wataona malori yakimwaga udongo mbele ya nyumba zao.

Udongo huu ni kitu gani?

Wataalamu huuita udongo wetu mwekundu laterite. Sisi tuliopitia seminari na kuhangaika na Kilatini tunalitambua neno hilo mara moja: later ni tofali. Aliyelitunga ni tabibu wa Kiskoti, Francis Buchanan, aliyesafiri kusini mwa India kuanzia mwaka 1800 na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1807. Huko aliona watu wakikata udongo mwekundu ungali laini, kwa chombo tu, katika umbo la matofali. Ukiachwa juani na hewani, ulikuwa mgumu kama jiwe, na nyumba zikajengwa kwao.

Udongo wa namna hii huzaliwa polepole sana. Kwa maelfu kwa maelfu ya miaka mvua na joto la nchi zetu huozesha mwamba. Maji huyeyusha na kuchukua chokaa, potasi na sehemu kubwa ya silika. Kinachobaki ni vile visivyokubali kuchukuliwa kwa urahisi: oksidi za chuma na za alumini, pamoja na ule mfinyanzi uitwao kaolini. Wekundu tunaouona ni chuma. Tunaweza kusema kwamba tunatembea juu ya kutu ya milima ya kale. Mahali ambapo maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi, chuma hicho hujikusanya na kugandamana, kikawa vijiwe vya mviringo kama punje za mahindi au kunde, ama kikawa gamba gumu lililotandaa chini ya majani.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza, nalo ndilo lililotuponyoka sisi. "Udongo mwekundu" si kitu kimoja. Upo mfinyanzi mwekundu usio na vijiwe, ambao ni mzuri kwa shamba na kwa tofali, lakini ukilowa hauwezi kubeba gari. Ipo changarawe nyekundu yenye vijiwe vigumu, ambayo wengi huiita moramu, na hiyo ndiyo rafiki wa barabara. Lipo na gamba gumu linalohitaji kuvunjwavunjwa kabla ya kutumika. Yote matatu yaweza kupatikana katika kilima kimoja, hatua chache kutoka jingine, na yote ni mekundu. Rangi haisemi lolote juu ya nguvu. Sisi tuliiamini rangi.

Wazee wetu hawakudanganyika hivyo

Yatupasa kuona haya kidogo tunapokumbuka kwamba babu zetu Wafipa waliujua udongo huu kuliko sisi. Mabaki ya malungu yao, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma yaliyopita kimo cha mtu, bado yanaonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda wetu, na wataalamu wa mambo ya kale, miongoni mwao Bertram Mapunda, wameyaandikia. Fundi wa malungu hakuokota jiwe lolote jekundu na kulitia motoni. Alichagua. Alilipima uzito mkononi, akalitazama lilipovunjika, akaacha lisilofaa. Jembe lililolima Ufipa lilitoka katika udongo huu huu, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kutofautisha wekundu na wekundu.

Hali kadhalika mama zetu wafinyanzi hawachukui udongo wa chungu popote. Na mkulima wa ntumba, anayefunika majani kwa udongo ili yaoze na kuwa mbolea, anajua ni wapi tuta litatuamisha maji na ni wapi halitatuamisha. Ujuzi wa udongo si kitu kigeni kwetu. Kigeni ni ile desturi ya kudhani kwamba, mara tu lori na greda zinapofika kijijini, ujuzi wetu hauna kazi tena, na kwamba kunyamaza ndiyo heshima.

Mambo manne yanayoifanya barabara ya changarawe idumu

La kwanza ni kuchagua. Kabla ya kuchimba, udongo hupelekwa maabara. Huko huchekechwa ili kuona kuna mawe kiasi gani, mchanga kiasi gani na vumbi kiasi gani. Changarawe njema ina vyote kwa uwiano, vijiwe vya kubeba na udongo kidogo wa kuvishika visitawanyike. Ukizidi udongo laini, barabara huteleza. Ukipungua mno, vijiwe hutawanyika na njia huwa na mawimbi kama ubao wa kufulia. Hupimwa pia unata wake, kwa njia iliyoanzishwa na mkemia wa Kiswidi, Albert Atterberg, mnamo mwaka 1911. Mojawapo ya vipimo hivyo ni rahisi kiasi cha kumshangaza mtu: udongo wenye unyevu husokotwa kwa kiganja mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3, ili kuona unaanza kukatika ukiwa na maji kiasi gani.

Halafu hupimwa uwezo wa kubeba. Kipimo hicho huitwa CBR, nacho kilianzia katika jimbo la California nchini Marekani. Udongo hushindiliwa ndani ya kopo la chuma, hulowekwa majini siku 4, kisha nondo nene husukumwa ndani yake. Nguvu inayohitajika hulinganishwa na ile inayohitajika kusukuma ndani ya kokoto bora. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa nchi yetu wa mwaka 1999 umeyapanga madaraja ya changarawe kwa kipimo hiki: G15, G25, G45 na kuendelea hadi G80. Namba ndiyo uwezo wenyewe kwa asilimia, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tabaka linavyostahili kukaa juu zaidi, karibu na gurudumu. Angalieni neno lile: hulowekwa. Udongo karibu wote ni jasiri mwezi Septemba. Mwezi wa kuupima ni Februari.

Tunaongeza tahadhari moja. Udongo wetu wa laterite una tabia yake: sampuli iliyokaushwa kwa joto kali la tanuri hubadilika, ikaonekana ina unata mdogo kuliko ilivyo hasa, na vijiwe vingine laini huvunjika chini ya mtambo wa kushindilia vikawa unga. Kwa hiyo anayepima sharti aujue udongo wa nchi hizi, asitegemee tu mazoea ya nchi za baridi.

La pili ni maji ya kushindilia. Mwaka 1933 mhandisi wa California aliyeitwa Ralph Proctor alieleza jambo ambalo kila afyatuaye tofali hulijua mkononi mwake. Udongo mkavu mno haushikani hata ukiupiga namna gani. Uliolowa mno huponyoka na kunesa. Katikati yake kipo kiasi cha maji ambacho kwacho udongo hujibana kuliko wakati wote mwingine. Ndiyo maana mkandarasi mwema huja na gari la maji pamoja na mtambo wa kushindilia. Changarawe njema iliyotandazwa kavu na kuachiwa magari ya watu yaishindilie ni changarawe iliyotupwa. Sisi hatukuwa na tone la maji.

La tatu ni mgongo na mitaro. Adui wa barabara yetu si lori, bali ni maji yanayokaa. Njia ya changarawe yafaa iwe na mgongo katikati, ikishuka pande zote mbili kama sentimita 5 kwa kila mita 1, ili mvua iondoke upesi. Kando yake iwepo mitaro, na mitaro iwe na matoleo ya kuyapeleka maji mbali. Mwongozo wa nchi za SADC wa mwaka 2003 juu ya barabara za magari machache umesisitiza kwamba katikati ya barabara pawe juu ya kitako cha mtaro kwa sentimita 75 hivi. Changarawe ya wastani yenye mitaro mizuri hudumu kuliko changarawe bora iliyolala ndani ya dimbwi.

La nne ni matunzo. Hata barabara iliyojengwa kwa uaminifu huliwa. Kiangazi huondoka nayo kama vumbi, masika huondoka nayo kama tope. Kwa kawaida barabara ya changarawe hupoteza sentimita 2 hadi 3 za unene wake kila mwaka, kulingana na magari, mvua na mteremko. Hebu tufanye hesabu pamoja. Njia yenye upana wa mita 5 na tabaka la sentimita 15 hubeba mita za ujazo 750 za changarawe iliyoshindiliwa kwa kila kilomita 1. Ikipoteza sentimita 2 na nusu kwa mwaka, hizo ni mita za ujazo 125 kwa kilomita, na baada ya miaka 6 hakuna kilichobaki. Changarawe haioti tena kama uyoga. Iliyochukua maelfu ya miaka kuumbwa, sisi twaimaliza ndani ya miaka michache tu. Tukiichimba kwa uzembe, tunawaibia wajukuu.

Kanisa la mawe mekundu

Labda mfano mmoja utasaidia. Huko Goa, pwani ya magharibi ya India, lipo Basilika la Bom Jesus, mlimo na masalia ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Lilitabarukiwa mwaka 1605, na kuta zake zimejengwa kwa mawe ya laterite, ndugu wa udongo wetu. Kwa karne tatu na zaidi kuta hizo zilivikwa lipu ya chokaa. Katika miaka ya 1950 lipu iliondolewa ili mawe mekundu yaonekane. Tangu hapo mvua za kila mwaka zimekuwa zikiyala mawe hayo, na wapo wataalamu waliosihi lipu irudishwe.

Fundisho lake kwa barabara ni dhahiri. Laterite ni mtumishi hodari anapokingwa na maji. Akiachwa uchi hudhoofika. Na hilo latupeleka kwenye hoja ya lami.

Je, dawa ni lami tu?

Wengi wetu tukisikia neno barabara twadai lami, na hatuwalaumu wanaodai. Tumeona neema yake. Mkataba uliotiwa saini mwaka 2008 kati ya Tanzania na shirika la Millennium Challenge la Marekani ulileta lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kupitia Laela, yapata kilomita 223. Wale waliowahi kulala njiani siku mbili tatu ndani ya basi wanajua maana yake. Rukwa ilikuwa imehesabiwa kwa miaka mingi kati ya mikoa minne mikuu ya mahindi nchini, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma; lakini mahindi yasiyofika sokoni hayamlishi mtu wala hayamsomeshi mtoto.

Hata hivyo gunia la mahindi halianzii Laela wala Sumbawanga mjini. Laanzia shambani, kilomita 10 au 30 kutoka kwenye lami, katika njia za vijiji ambazo nyingi ni za udongo na changarawe. Hapo ndipo mchuuzi anapomwambia mkulima: "Njia yako mbaya, nitakupa bei hii au nenda nayo mwenyewe." Gharama ya tope hailipwi na mchuuzi, inashushwa juu ya mgongo wa mkulima. Huo ni ushuru ambao hakuna bunge lililoupitisha.

Maoni yetu basi ni haya. Kusubiri lami nene ya kila kijiji ni kumwambia mgonjwa asubiri bingwa kutoka ng'ambo wakati zahanati ya jirani ina dawa. Majaribio yaliyofanyika Kenya na Malawi yameonyesha kwamba, penye magari machache, laterite iliyochaguliwa vema, ikashindiliwa barabara na kulindwa kwa mitaro, yaweza kubeba tabaka jembamba la lami bila kuhitaji kokoto za gharama kubwa chini yake. Tanzania nayo ilitoa mwongozo wake wa barabara za magari machache mwaka 2016. Kwenye miteremko mikali, kama ile ya kushuka ukingo wa Bonde la Rukwa kwenda Muze na Mtowisa, changarawe tupu ni kazi bure; fedha hiyo na itumike kwa zege au mawe pale penye mteremko, na changarawe ibaki kwenye tambarare. Ni afadhali kilomita 3 zilizopimwa na kutengenezwa sawasawa kuliko kilomita 10 za kupakwa rangi nyekundu kabla ya ugeni.

Dhambi imejificha wapi?

Haitoshi kusema "barabara ni mbovu". Tume yetu hufundisha kwamba nyuma ya ubovu mara nyingi pana maamuzi ya watu, na watu hao huweza kuongoka.

Ipo dhambi ya anayechimba karibu ilhali mkataba unasema mbali, kisha anadai malipo ya mbali. Ipo dhambi ya anayepunguza unene: sentimita 15 kwenye karatasi, 8 barabarani. Ipo ya anayepeleka maabara udongo wa shimo zuri na kumwaga barabarani udongo wa shimo baya. Ipo ya msimamizi anayetia sahihi akiwa ofisini, na ya kiongozi anayefumba macho kwa sababu ya bahasha. Hatumtaji mtu wala ofisi. Twajua kwamba wapo wahandisi na wakandarasi waaminifu, waamini wenzetu, wanaofanya kazi ngumu kwa bajeti ndogo. Kwao tunasema asante, na maneno haya yawe ngao yao wanaposhinikizwa kunyamaza.

Lakini tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Nani analima mpaka ndani ya mtaro? Nani anapanda tuta linaloziba toleo la maji, kisha Machi analalamika kwamba njia imekatika? Nani anang'oa mawe ya kalavati akajengee jiko? Nani anapitisha ng'ombe juu ya kingo za mitaro siku ya mvua? Ni sisi tunaokomunika Dominika. Anayemzibia maji njia amemzibia mgonjwa njia.

Ipo pia dhambi ya mashimo. Changarawe ikishachimbwa, nyuma hubaki shimo. Masika hulijaza maji. Watoto huenda kuogelea na mbu huzaliana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Shimo basi si jambo la mkandarasi na mwenye shamba peke yao. Kabla ya jembe la kwanza, yaandikwe mambo matatu: mwenye shamba atalipwa nini, udongo wa juu wenye rutuba utawekwa wapi, na nani atalisawazisha shimo, lini. Yasipoandikwa, mlipaji wa mwisho atakuwa mjane mwenye robo eka pembeni ya shimo.

"Lakini sisi si wataalamu"

Tumelisikia jibu hilo mara nyingi. Ni kweli, nasi si wataalamu. Hatudai kwamba wanajumuiya wachukue kazi ya mhandisi. Lakini mtu hahitaji kuwa fundi mwashi ili aone kwamba saruji ya nyumba yake inauzwa kwa mlango wa nyuma. Barabara hizi ni zetu kwa sababu tunazilipia. Kila lita ya petroli na dizeli hukatwa tozo iendayo kwenye Mfuko wa Barabara. Mama anayelipa nauli ya kwenda kliniki amechangia, hata kama hajapata kugusa usukani. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, zinatumia fedha hiyo kwa niaba yetu. Kuuliza si uasi. Kuuliza ni sehemu ya uraia.

Wengine wataogopa kwamba wakiuliza, mradi utahamishiwa kijiji kingine. Hofu hiyo tunaielewa, kwa sababu anayesubiri kwa muda mrefu hupokea chochote. Tunajibu kwa kuukumbuka mwezi ule wa Januari. Njia mbaya iliyovikwa wekundu ilitudhuru kuliko ile ya zamani, kwa sababu ile ya zamani kila dereva aliiogopa, na hii mpya waliiamini.

Tufanye nini?

Tunapendekeza kwamba kila kigango kilicho karibu na barabara inayotengenezwa kiwateue watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe amewahi kufanya kazi ya ujenzi, washirikiane na Halmashauri ya Kijiji bila kujali madhehebu wala chama. Wafike kwa msimamizi wa kazi kwa adabu, wakiwa na daftari, waulize maswali machache: Udongo huu unatoka shimo gani? Umepimwa, na daraja lake ni lipi? Unene uliokubaliwa ni kiasi gani? Mtambo wa kushindilia na gari la maji vitakuja lini? Matoleo ya mitaro yatakuwa wapi? Shimo litasawazishwa na nani? Majibu yaandikwe pamoja na tarehe, na yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Jibu likikosekana, barua iende kwa diwani na kwa mhandisi wa wilaya, kwa lugha ya heshima, nakala ibaki parokiani.

Nasi mapadre tusichangishe hata senti moja ya waamini kwa kazi ya njia kabla ya kumwita mtu mwenye ujuzi autazame udongo. Hata jaribio dogo lingetuokoa: kulowesha konzi ya udongo, kuifinyanga, kuitazama ikikauka kama inapasuka na kusinyaa, au kuitia katika chupa ya maji, kuitikisa na kuona changarawe, mchanga na tope vinavyotulia tabaka juu ya tabaka. Majaribio hayo hayachukui nafasi ya maabara, lakini humwonya mtu. Laiti tungeyafanya.

Kila Mkristo anajua mfano wa yule aliyejenga nyumba juu ya mwamba na yule aliyejenga juu ya mchanga. Tumeuhubiri mara nyingi tukimaanisha roho. Siku hizi tunapousoma tunakumbuka pia kwamba Bwana, aliyelelewa na fundi, alijua kuwa mvua zitakuja, na kwamba tofauti ya nyumba zile mbili haikuonekana wakati wa kiangazi.

Yule mtoto alizikwa bila kuonja mwaka mmoja wa dunia hii. Njia ile tumeitengeneza upya. Tulitafuta changarawe mbali zaidi, tukaipima, tukaimwagia maji, tukachimba mitaro. Imepita masika mawili na ingali inapitika. Kila tunapopita hapo kwenda kuadhimisha Misa kigangoni, tunapunguza mwendo.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika eneo letu, ni njia gani inayokatika kila masika, na ni nani anayeumia zaidi inapokatika?

2. Je, kuna mtaro au toleo la maji tulilolizuia sisi wenyewe kwa mashamba au majengo yetu? Tutalifungua lini?

3. Yako wapi mashimo ya changarawe yaliyoachwa wazi kijijini petu, na makubaliano yake yaliandikwa wapi?

4. Ni wazee na akina mama gani miongoni mwetu wenye ujuzi wa udongo ambao hatujapata kuwauliza?